Louis Dollo, mtu wa mifupa ya Bernissart, na ugonjwa wa mawe ambao Kisangani inapaswa kuujua

Makiso, Kisangani. Mwaka 1883 kulitokea mambo mawili ambayo hakuna aliyeyaona kuwa na uhusiano. Mwezi Desemba, Henry Morton Stanley alirudi kwenye maporomoko ya mto wanakovua Wagenia, akaacha kisiwani kituo kidogo mikononi mwa Mskoti aliyeitwa Binnie. Kituo hicho ndicho kilichokuja kuwa Stanleyville, leo Kisangani. Miezi michache kabla ya hapo, mjini Brussels, ua wa jumba la Nassau ulifunguliwa ili watu wamwone mnyama ambaye Ubelgiji haikuwahi kumwona: dinosaria aina ya Iguanodon, mifupa mitupu, amesimama ndani ya nyumba ya vioo.

Aliyekuwa akiichunguza mifupa hiyo ni kijana wa miaka 25, Louis Dollo. Hakuwa daktari wa wanyama wala mwanajiolojia kwa cheti. Alikuwa mhandisi.

Wanafunzi wa biolojia katika Chuo Kikuu cha Kisangani, hapa tarafani Makiso, wanalikuta jina lake katika somo la mageuzi ya viumbe, kwa sababu ya sheria aliyoitoa mwaka 1893: kiumbe hakirudi nyuma, na kiungo kilichopotea kabisa katika ukoo wake hakizaliwi upya kama kilivyokuwa. Huko ndiko wengi wanakoishia. Jambo lisilosimuliwa sana ni kwamba mifupa iliyompa Dollo umaarufu ilikuwa na ugonjwa tangu siku ilipotolewa ardhini, na ugonjwa huo ulimshinda yeye, ukawashinda walioitibu mifupa hiyo kabla yake, na ukawasumbua wengine kwa miaka zaidi ya 70 baada ya kifo chake.

Ugonjwa huo unaihusu Kisangani kuliko tunavyodhani. Tutafika huko.

Kutoka Lille

Dollo alizaliwa Lille, kaskazini mwa Ufaransa, tarehe 7 Desemba 1857. Alisomea uhandisi katika mji huohuo, lakini alipata bahati ya kukaa darasani kwa walimu wawili waliomvuta upande mwingine: Jules Gosselet, aliyefundisha jiolojia, na Alfred Giard, aliyefundisha elimu ya wanyama. Mwaka 1877 akapata shahada yake ya uhandisi. Miaka miwili baadaye akahamia Brussels, na mwaka 1882 akaajiriwa katika makumbusho ya kifalme ya historia ya asili. Mwaka 1886 akachukua uraia wa Ubelgiji, na mwaka 1891 akawa mtunzaji wa visukuku.

Uhandisi haukupotea bure. Ukisoma kazi zake unaona mtu anayeutazama mfupa kama fundi anavyolitazama daraja: mzigo unakaa wapi, kamba inavuta kutoka wapi, kiungo hiki kilifanya kazi gani mnyama alipokuwa hai. Wataalamu wengi wa wakati wake waliridhika kupima, kuchora na kutoa jina. Dollo alitaka kujua mnyama alikula nini, alitembeaje, aliishi majini au nchi kavu. Wapo wanaosema yeye ndiye aliyeanzisha uchunguzi wa namna hiyo katika visukuku, na sioni sababu ya kuwapinga.

Lakini ili aifikie mifupa, watu wengine walilazimika kuitoa kwanza. Hapo hadithi inashuka mita 322 chini ya ardhi.

Mgodi wa makaa ya mawe

Bernissart ni kijiji cha mkoa wa Hainaut, karibu kabisa na mpaka wa Ufaransa. Tarehe 28 Februari 1878, wachimbaji wawili wa makaa ya mawe, Jules Créteur na Alphonse Blanchard, walikutana na kitu kigumu walichodhani ni mti uliogeuka jiwe. Inasimuliwa kwamba ndani ya ule mti mliona rangi ya dhahabu iking'aa katika mwanga wa taa zao, na kwa muda mfupi watu wakaamini kwamba mgodi wa makaa umekuwa mgodi wa mali.

Haikuwa dhahabu. Ilikuwa piriti, yaani chuma kilichoungana na salfa. Yeyote aliyeosha mchanga wa dhahabu Ituri au huku kwetu Tshopo anaijua: inang'aa manjano, inamfurahisha mgeni, kisha mnunuzi anamrudishia. Na kilichoibeba hakikuwa mti bali mfupa. Pierre-Joseph Van Beneden, profesa wa Leuven, aliyatambua meno yake kuwa ya Iguanodon, mnyama aliyejulikana hadi wakati huo kwa vipande vichache vilivyopatikana Uingereza.

Makumbusho ya Brussels yalimtuma Louis De Pauw, mkuu wa karakana yake, na tarehe 15 Mei 1878 akaanza kuchimba. Katika mashimo yale walipatikana Iguanodon wasiopungua 38, wengi wao wakiwa na mifupa karibu yote, pamoja na kasa, mamba, maelfu ya samaki na mimea. Wanyama hawa waliishi takriban miaka milioni 125 iliyopita. Maji yaliwahi kuwafukuza wachimbaji, kazi ikasimama kwa miezi, ikaendelea, hadi mwaka 1881 ilipokomeshwa.

De Pauw aligundua tatizo mapema sana, huko huko shimoni. Mfupa uliokuwa mzima ulipofukuliwa, ulianza kupasuka ukiwa umelala hapo hapo. Baada ya muda ulimomonyoka kama mkate mkavu.

Ugonjwa wenyewe

Kemia yake si ngumu, na inafaa kuielewa. Chini ya ardhi, ndani ya udongo wa mfinyanzi uliolowa na usio na hewa, piriti hutulia. Inaweza kukaa hivyo kwa miaka milioni mia moja bila kudhuru kitu. Ikitolewa nje, oksijeni na unyevu wa hewa huianza. Inageuka kuwa chumvi za chuma na salfa, na pamoja nazo hutokea asidi ya salfa, ileile ya kwenye betri ya gari.

Chumvi hizo mpya zinahitaji nafasi kubwa kuliko piriti ya mwanzo. Kwa kuwa zimezaliwa ndani ya mfupa, zinausukuma kutoka ndani hadi unapasuka. Asidi nayo inakula kilichobaki. Ikimaliza mfupa inahamia kwenye sanduku, na mwishoni inaichoma karatasi ya maelezo. Hasara hiyo ya mwisho watu huidharau, lakini kisukuku kisicho na karatasi inayosema kimetoka wapi na lini, kwa mwanasayansi ni jiwe tu kama mengine.

Dalili zake ni unga mweupe, wa kijivu au wa manjano juu ya jiwe, nyufa ndogo ambazo jana hazikuwepo, na harufu ya kiberiti droo inapofunguliwa. Piriti yenye chembe kubwa zinazong'aa mara nyingi ni salama. Ya hatari ni ile ya chembe ndogo mno ambazo jicho halizioni, zilizotapakaa ndani ya mfupa au jiwe. Kwa muda mrefu watunzaji waliamini kwamba bakteria ndio wanaoleta uharibifu huu, wakavipaka visukuku dawa za kuua vijidudu. Ni katika miaka ya 1970 na baada yake ilipokubaliwa kwamba katika hali ya kawaida ya makumbusho bakteria hao hawawezi kuishi, kwa sababu wanahitaji maji mengi zaidi. Mkosaji ni hewa yenyewe. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 60 hivi, kazi ya uharibifu inakwenda mbio. Ukiwekwa chini ya asilimia 45, inapungua sana.

De Pauw hakuwa na takwimu hizo. Alichokuwa nacho ni macho na mikono. Aliamuru mifupa iliyofukuliwa ifunikwe tena papo hapo kwa udongo mbichi uleule, ifungwe kwa karatasi, imwagiwe plasta na kukazwa kwa pete za chuma. Yakapatikana mafurushi yapatayo 600 yenye uzito wa jumla wa tani 130, kila moja na alama yake, yakapandishwa juu na kupelekwa Brussels. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote katika mkasa huu wa Bernissart, na aliyeifanya anajulikana kidogo kuliko aliyekuja kuandika makala juu yake.

Hali hiyo si ya Ubelgiji peke yake. Kule Tendaguru, karibu na Lindi nchini Tanzania, makumbusho ya Berlin yalichimba mifupa ya dinosaria kuanzia 1909 hadi 1913 kwa mikono ya mamia ya Waafrika waliosimamiwa na Boheti bin Amrani. Dunia ilijua majina ya maprofesa. Jina la Boheti lilipewa dinosaria mmoja, Australodocus bohetii, mwaka 2007.

Karafuu, gundi na karatasi ya bati

Brussels, plasta ilipofunguliwa, matibabu yakaanza. De Pauw aliiloweka mifupa katika jelatini iliyochemka, iliyochanganywa na mafuta ya karafuu ili isioze. Miaka hiyo karafuu nyingi za dunia zilitoka Unguja na Pemba, kwa hiyo msomaji wa pwani anaweza kujiuliza zile za Bernissart zilitoka shamba gani. Kisha mafundi wakakwangua piriti yote iliyoonekana, wakaikausha na kuikaza mifupa kwa gundi ya ngozi ya wanyama, wakaifunika kwa karatasi nyembamba ya bati. Palipobaki mashimo walijaza karatasi iliyopondwa na kuchanganywa na gundi.

Kazi ilikuwa nzuri kwa macho. Mifupa ikawa migumu, ikaweza kubebwa. Mwaka 1882, katika kanisa dogo la zamani la Mtakatifu George lililo ndani ya jumba la Nassau, Iguanodon wa kwanza alisimamishwa kwa kamba na majukwaa ya mbao. Hapo ndipo Dollo alipoingia.

Kosa la matibabu lilikuwa moja, na halikuonekana mapema: gundi na bati viliufungia unyevu ndani ya mfupa pamoja na piriti iliyobaki. Mgonjwa alivishwa koti zito na ugonjwa ukiwa bado tumboni.

Kidole gumba na mkia

Aliyemtangulia Dollo katika kuichunguza mifupa hiyo, George Albert Boulenger, alipendekeza mwaka 1881 kwamba mnyama huyu ni wa aina mpya, Iguanodon bernissartensis, kisha akahamia London. Huyo Boulenger ndiye baadaye aliyeandika kitabu kikubwa juu ya samaki wa bonde la Kongo, kilichotoka mwaka 1901, ambacho watafiti wa samaki wa mto wetu bado wanakitaja. Nafasi yake Brussels ikachukuliwa na mhandisi kutoka Lille.

Kuanzia 1882 Dollo alitoa mfululizo wa makala fupi fupi juu ya dinosaria wa Bernissart. Jambo lililomtambulisha haraka ni ule mfupa wenye umbo la pembe. Mwingereza Gideon Mantell, aliyempa Iguanodon jina lake, aliuweka puani kama pembe ya kifaru, kwa kuwa alikuwa na vipande tu. Dollo alikuwa na wanyama wazima. Aliuona mahali pake: ni kidole gumba, kimoja kila mkono. Alionyesha pia kwamba mnyama huyu aliweza kusimama kwa miguu miwili ya nyuma, akachunguza kano zilizogeuka mfupa kando ya uti wa mgongo, akaeleza zilivyokaza mgongo na mkia.

Hapo hapo akakosea. Kwa kulinganisha na mifupa ya kangaruu na ya ndege wakubwa wasioruka, yeye na De Pauw walimsimamisha Iguanodon wima, mkia ukiburuta chini kama mguu wa tatu. Ili mkia ulale hivyo, ilibidi uvunjwe, kwa kuwa zile kano ngumu alizozieleza mwenyewe hazikuuruhusu kupinda. Ni ajabu kwamba mhandisi hakusimama hapo akajiuliza. Karibu karne nzima baadaye, mwaka 1980, Mwingereza David Norman alitoa uchunguzi kamili wa mifupa hiyo, akaonyesha kwamba mnyama alitembea mgongo ukiwa umelala sawa na mkia umenyooka nyuma, na mara nyingi akitumia miguu yote minne.

Dollo mwenyewe hakuandika kitabu kimoja kikubwa juu ya Iguanodon. Aliandika makala nyingi, juu ya kasa, nyangumi, samaki wenye mapafu, mamba, viumbe wa kila aina. Mwaka 1912 Chama cha Jiolojia cha London kilimpa nishani ya Murchison.

Na Kongo? Maisha yake yote ya kazi aliyapitisha Brussels, lakini Kongo ilimfuata. Ulipofika mwaka 1898, makumbusho ya Kongo yalikuwa yamefunguliwa Tervuren, nje kidogo ya Brussels, mwaka mmoja baada ya maonyesho ambayo Wakongo 267 waliletwa kutazamwa na saba kati yao wakafa huko. Mawe, wanyama na vitu vya sanaa kutoka kwetu vilimiminika Tervuren. Miongoni mwake ilikuwamo mifupa iliyookotwa na Joseph Bequaert huko Landana, katika pwani ya Cabinda ambayo leo iko Angola. Dollo aliitazama, akamtangaza kasa mpya mwaka 1913, na mwaka 1914 mnyama wa baharini wa jamii ya mamba aliyemwita Congosaurus bequaerti. Kwa hiyo upo mfupa unaobeba jina la Kongo katika vitabu vya sayansi vya dunia, na aliyeuita hivyo ni mtu huyu.

Mwaka 1902 Iguanodon walihamishiwa katika ukumbi mpya mkubwa wa makumbusho, katika bustani ya Leopold. Vita vya kwanza vya dunia vilipokuja, Wajerumani walioikalia Ubelgiji walijaribu kuufungua tena mgodi wa Bernissart ili nao wapate mifupa. Vita vikaisha kabla hawajaifikia. Mwaka 1921 maji yaliujaza mgodi. Wanyama waliobaki chini wako huko hadi leo, katika udongo mbichi usio na hewa, na kwa mtazamo wa ugonjwa tunaouzungumzia hao ndio wenye afya kuliko wote.

Dollo alifariki Brussels tarehe 19 Aprili 1931.

Mwaka mmoja baada ya kifo

Mwaka 1932 mkurugenzi wa makumbusho, Victor Van Straelen, aliamua kwamba Iguanodon wote watibiwe upya, la sivyo watapotea. Nyufa zilikuwa zimeenea. Kuanzia Desemba 1935 hadi Agosti 1936 wafanyakazi waliibomoa mifupa na kuiloweka katika spiriti, aseniki na kilo 390 za shelaki, ile gundi ya wadudu ambayo maseremala huitumia kung'arisha samani. Spiriti iliivusha dawa hadi ndani, aseniki ikazuia ukungu, shelaki ikakaza. Rangi ile ya kahawia iliyokoza ambayo wageni wameizoea inatokana na shelaki hiyo, si na mnyama.

Haikutosha. Kati ya 2003 na Mei 2007 ilifanyika awamu ya tatu. Safari hii mafundi walianza kwa kuondoa dawa za waliowatangulia: shelaki, gundi ya ngozi, jelatini. Kisha wakaipa mifupa resini za kisasa zinazopenya bila kufungia unyevu, wakaunga vipande kwa gundi kali. Leo Iguanodon tisa wamesimama ndani ya chumba kikubwa cha vioo, wengine wamelala chini kama walivyokutwa mgodini. Wale waliosimama bado wako wima kama kangaruu. Kila mtu anajua kwamba mkao huo si sahihi, lakini mifupa imedhoofika mno kukunjuliwa na kupangwa upya. Mtu anaweza kusema kwamba sheria ya Dollo ya kutorudi nyuma imemkamata Iguanodon wake mwenyewe.

Je, Dollo alaumiwe? Alikuwa mtunzaji wa mifupa hii kwa miaka mingi, na nyufa hazikuja usiku mmoja. Hata hivyo kemia ya piriti haikueleweka, na kila mtu wakati huo aliamini katika gundi. Mimi ningemlaumu zaidi kwa ule mkia.

Samaki wa Songa

Sasa turudi mtoni. Kando ya Mto Kongo na Lualaba, kuzunguka Kisangani, kuna tabaka za mawe ambazo wanajiolojia wanaziita za Stanleyville. Ziko za udongo mgumu, ziko za mawe membamba meusi yenye mafuta ndani yake, na kusini mwa mji, Songa, ziko za chokaa. Ndani yake mna samaki wa zama za Jurasiki, wakubwa kwa umri kuliko Iguanodon wa Bernissart. Pierre de Saint-Seine aliwaandika mwaka 1955, na mwaka 1962 akatoa sehemu ya pili pamoja na Edgard Casier. Mmoja wa samaki hao anaitwa Lualabaea. Wengi wa waliochunguzwa wako Tervuren.

Mawe meusi yenye mafuta hutokea pale ambapo tope lilitua katika maji yasiyo na hewa. Mawe ya namna hiyo, popote duniani, mara nyingi huwa na piriti ya zile chembe ndogo. Kwa maneno mengine, jiwe zuri lenye samaki linaweza kuwa na ugonjwa uleule wa Bernissart.

Na hapa kwetu hali ya hewa haisaidii. Mvua inanyesha miezi yote, zaidi ya milimita 1,700 kwa mwaka, na unyevu wa hewa mara nyingi uko juu ya asilimia 80. Kiwango ambacho Ulaya wanakiita cha hatari, sisi tunakilalia na kuamka nacho. Mashine ya kukausha hewa ingefanya kazi, kama umeme wa bwawa la Tshopo usingekatika. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba mawe haya yarudi Kisangani, na wapo wanaosema hivyo kwa haki kabisa, anapaswa pia kusema yatakaa ndani ya nini.

Jibu si la gharama kubwa kama watu wanavyodhani. Kinachotakiwa si kukausha jengo zima bali sanduku moja. Chukua boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana vizuri, weka ndani punje za silika, zile zinazokuja katika vifuko vidogo ndani ya viatu vipya, na kipimo kidogo cha unyevu. Punje zikishiba maji unazikausha katika oveni na kuzirudisha. Kwa visukuku vya thamani kubwa kuna mifuko maalum isiyopitisha hewa, unaweka na kifuko kinachonyonya oksijeni, unaziba. Kisichokuwa na hewa hakiozi, na mfuko huo hauhitaji umeme hata siku moja. Jiwe lililokwisha kuanza kutoa unga linatengwa na mengine, na asidi yake inaweza kutulizwa kwa mvuke wa amonia, kazi ya kufanyiwa maabara na mtu anayejua, si nyumbani. Kuliosha kwa maji ni kulimaliza. Droo za plaiwudi nazo ziepukwe, kwa kuwa hutoa mvuke wa asidi unaodhuru mawe ya chokaa na makombe.

Tahadhari moja tu: ukavu si dawa ya kila jiwe. Tunatoka katika nchi ya malakaiti ya Katanga na madini ya urani ya Shinkolobwe. Baadhi ya hayo ya urani, kama toberniti yenye rangi ya kijani, yana maji ndani ya umbo lake; yakikaushwa sana yanayapoteza na kupasuka, achilia mbali kwamba yanatoa mionzi na hayafai kuwekwa sebuleni. Mtunzaji lazima ajue ana jiwe gani kabla hajafunga boksi.

Makumbusho ya Dollo nayo hayako mbali nasi kama zamani. Mwaka 2010 wanasayansi wake walishirikiana na wa Tervuren na wa Chuo Kikuu cha Kisangani katika msafara wa Boyekoli Ebale Congo, ulioanzia hapa mjini na kushuka mto. Baadaye chuo kikapata Kituo cha Ufuatiliaji wa Bioanuwai, ambacho kinatunza samaki, wanyama wadogo na mimea iliyokaushwa katika vyumba vilivyojengwa kwa kazi hiyo. Ujuzi wa kupambana na unyevu wa Kisangani, basi, tayari upo Makiso, mikononi mwa vijana wa hapa. Samaki wa jiwe anahitaji ujuzi uleule na rafu yake.

Mto ukipungua, mawe meusi huonekana tena kwenye kingo, na wanafunzi hupenda kuyapasua. Atakayekuta samaki asimwanike juani wala kumsugua kwa brashi na maji. Amfunike kwa tope lake, amfunge kwa karatasi na plastiki, aandike mahali na tarehe kwa penseli kwenye karatasi mbili, moja ndani na moja nje, na amfikishe chuoni siku hiyohiyo.